Sikiliza Mpaka Mwisho

Morningside, Durban
6 Aprili 2025

Leszek mpenzi,

Nimeona ujumbe wako kwamba umefika Poland salama. Usinipigie simu. Nilikuambia uwanja wa ndege, na sasa narudia kwa maandishi usije ukajifanya hukusikia. Tangu Februari siwezi kusikia sauti ya mtu ninayempenda ikitoka kwenye simu. Ikilia tu, natoka nje. Basi tuandikiane barua pepe, ndefu kama nyimbo zako ukitaka, nami nitazisoma zote.

Tumbili wamejua umeondoka. Jana mmoja aliingia dirisha la jikoni, akachukua mkate mzima, akaenda kukaa juu ya ukuta akila huku ananitazama, utadhani mimi ndiye mgeni. Wewe ulikuwa unawafukuza kwa makelele ya piano. Mimi nagonga sufuria, na hawaniogopi hata kidogo.

Jumapili kanisani Cato Manor wote wamekuulizia. Térence wa kwaya bado anasimulia siku ile ulipokuja kututengenezea kinanda, nasi tukakuteta mbele yako kwa Kiswahili, eti huyu mzungu mwembamba hivi kweli anajua kazi, nawe ukainua kichwa ukauliza wembamba wako na kinanda chetu vinahusiana nini. "Papa Leshi alinipa haya mpaka leo," anasema. "Mzungu ya Poland, lakini Kiswahili yake iko ya Tanga! Eish!" Nikawaeleza tena kwamba baba yako alikuwa fundi mitambo, akaletwa Tanga kufundisha, nawe ukakulia pale mpaka miaka kumi na mmoja. Hawachoki kuisikia hiyo habari.

Bado namwota kaka yangu. Irakoze, mke wake, ameniandikia nisijilaumu. Anasema alipoiweka simu kwenye mto, karibu na sikio la Anicet, akatoka kumtafuta daktari, Anicet alikuwa bado anapumua. Aliporudi, Anicet alikuwa amekwenda, na mimi huku Durban bado namwimbia kwenye simu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Leszek. Nilimwimbia kaka yangu, au niliuimbia mto? Wengine walipanda ndege kwenda kuzika ndugu zao. Mimi na hati yangu ya ukimbizi, nikikanyaga Bujumbura sina pa kurudi. Nilikuwa na ule wimbo wa mama tu wa kumpa, na sijui kama aliupokea.

Vaa soksi mbili. Najua huko bado baridi.

Wako,
Gloriose


Toruń
19 Aprili 2025

Glo wangu,

Soksi nimevaa tatu. Studio yetu ni ghala la zamani la nafaka kando ya mto, na Henryk, fundi wetu wa sauti, anaamini joto linaharibu gitaa.

Ilikuwa ajabu kuwaona tena wenzangu wa bendi. Tulikuwa vijana wanne wenye nywele mpaka mabegani. Sasa nywele zote zilizobaki ukizikusanya hazitoshi kichwa kimoja. Ulilicheka jina la bendi yetu siku ya kwanza nilipokuambia. Zimny Lipiec, Julai ya Baridi. Ukasema Durban kila Julai ni ya baridi, kwa hiyo hilo nalo ni jina? Huku Julai ni kiangazi. Mimi niliporudi kutoka Tanga, kila mwezi kwangu ulikuwa wa baridi, hata Julai. Jina lilitoka kwangu.

Nikueleze kitu ambacho sijakueleza vizuri. Santuri yetu ya kwanza tuliirekodi mwaka 1992, na upande mmoja mzima ulikuwa wimbo mmoja. Redio hazikuupiga; nani atauweka wimbo wa dakika ishirini na mbili kati ya taarifa ya habari na matangazo? Roki ya progresivu, ndivyo inavyoitwa. Mama yangu aliiita roki isiyojua kurudi nyumbani. Lakini vijana waliikariri, na barua zikaanza kutufikia hadi kutoka Japani. Santuri ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza na haikununuliwa. Tukagombana na mwimbaji wetu, kila mtu akashika njia yake, nami nikaishia kupiga piano kwenye meli ya watalii, nyimbo za harusi kwa wazee wanaokula keki. Miaka tisa, Glo. Sikutunga hata mstari mmoja, mpaka meli iliponishusha Durban na wewe ukaniteta.

Kwa hiyo santuri hii ya tatu kwangu si jambo dogo. Nina miaka hamsini na tano, sitapewa ya nne. Na wewe ndiye mtu pekee niliyewahi kuishi naye ambaye husikiliza wimbo wangu mpaka mwisho. Mama yangu mzazi alikuwa anatoka katikati kwenda kuchemsha viazi.

Niandikie tena ule wimbo wa mama yako unaendaje, ule uliomwimbia Anicet. Si maneno tu, niambie mlikuwa mnauimbaje, nani anaingia wapi. Nina sababu yangu.

Nakukumbuka mpaka naumwa.

Leszek


Morningside
4 Mei 2025

Mzee wa soksi tatu,

Sababu yako siijui, lakini nafurahi mtu anapouliza habari za mama.

Ule si wimbo wa kanisani. Mama aliutunga mwenyewe wa kutuita jioni. Alikuwa anasimama mwisho wa ua, mlima wetu una mabonde, sauti inakwenda na kurudi. Tulikuwa wanne na kila mtoto alikuwa na ubeti wake. Wa kwanza wa Jules, wa pili wangu, wa tatu wa Anicet, wa nne wa Doudou kitinda mimba. Anaimba ubeti wako, jina lako liko ndani, halafu ananyamaza, nawe kutoka huko uliko unamwitikia kwa kuimba: "Ndaje", yaani naja. Ukishaitika anakwenda kwa mwingine.

Anicet alikuwa haitiki. Anajificha mgombani anacheka, mama anangoja, anachoka, anaanza ubeti wa Doudou, na hapo ndipo mwehu yule anapotoa sauti, "Ndaaaje!", katikati ya ubeti wa mwenzake, anavuruga kila kitu. Mama anatukana na kucheka pamoja. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye watoto, tukiuimba sikukuu, alikuwa anaitika amechelewa. Sasa Jules hayupo, Doudou hayupo, Anicet hayupo. Nimebaki mimi wa kuitwa, na hakuna wa kuniita.

Basi, nimelia, nimemaliza. Saluni wateja ni wengi, wiki hii nimesuka mpaka vidole vinagoma. Jana nikipiga pasi nilisikiliza tena santuri yako ya kwanza, wimbo ule mrefu. Napenda kinanda kinavyoanza polepole, kama mtu anafungua mlango asiamshe watu. Mwisho nao mzuri.

Rudi mapema.

Gloriose


Toruń
22 Juni 2025

Glo,

Umekwisha. Ni wimbo wa dakika ishirini na nne, nao ndio utakaofunga santuri. Wenzangu wameusikia, na Henryk, ambaye sijawahi kumwona akilia hata alipomzika baba yake, alitoka nje akasema anakwenda kununua sigara. Havuti sigara.

Linki iko hapa chini. Sikuelezi chochote. Muziki ukielezwa kabla ya kusikilizwa umeuawa, na hiki ni kitu nilichokutengenezea wewe kwa muda wa miezi mitatu, siwezi kukiua kwa maneno. Nakuomba jambo moja tu. Kaa chini, vaa hedifoni, na usikilize mpaka mwisho. Mpaka mwisho kabisa.

Leszek


Morningside
24 Juni 2025

Leszek,

Nilikaa chini kama ulivyosema. Nilivaa hedifoni zako kubwa. Nilikuwa nimewaacha wateja saluni nikarudi nyumbani mchana kweupe kwa ajili ya wimbo wako.

Anayelia humo ndani ni mimi. Nimejitambua kabla hata sijaanza kuimba, nilipovuta pumzi. Ile ni sebule yetu. Ile ni Februari. Kaka yangu anakata roho Bujumbura, nami simu nimeiweka juu ya piano kwa sababu hapo ndipo mtandao unashika, na wewe ulitoka sebuleni, nikafikiri huyu mtu ana heshima, ameniachia nafasi yangu. Kumbe umeacha maikrofoni zako wazi! Ulikuwa unarekodi piano yako na hukuzima. Na hukuniambia. Na mwezi wa nne ukaniuliza, kwa upole wako wote, eti wimbo wa mama unaimbwaje, nani anaingia wapi, na mimi mjinga nikakujibu.

Umechukua msiba wangu ukauwekea ngoma. Wajapani wako wataununua. Mtu atakuwa anausikiliza kwenye gari, robot ya barabarani ikiwaka taa nyekundu atatingisha kichwa.

Futa. Usiutoe kwenye santuri tu, ufute. Huko kwako, kwa Henryk, kokote ulikouweka, asibaki nao mtu. Mimi hapa nimeshafuta. Usinieleze, usiombe msamaha, sitaki barua. Nataka neno moja tu, kwamba umefuta.

Gloriose


Toruń
25 Juni 2025

Glo,

Nitafanya unavyotaka. Ni haki yako na nimeikosea. Swali moja tu na sitauliza tena. Ulisikiliza mpaka mwisho?

L.


Morningside
25 Juni 2025

Nimesikiliza mpaka mwisho.

Futa.

G.


Toruń
27 Juni 2025

Nimefuta. Kwangu, kwa Henryk, na kwenye diski ya akiba. Haupo tena.

Leszek


Toruń
14 Septemba 2025

Gloriose,

Nimevumilia zaidi ya miezi miwili kama ulivyoniamuru. Ukiona barua hii inakuudhi, iache hapa.

Santuri imetoka. Wimbo wa mwisho tumeupiga upya, na pale ulipokuwa wewe hatukuweka kitu. Vyombo vinanyamaza, kimya kinakaa muda mrefu, halafu vinarudi. Henryk alitaka tujaze, nikamwambia hapajaziki. Magazeti yanatusifu sana. Moja limeandika kwamba mtunzi amekuwa na ujasiri wa kukiachia kimya kiimbe. Nilipolisoma nililichana. Maisha yangu yote nimengoja watu waandike vile, na sasa wanasifia shimo.

Tumejaza kumbi Gdańsk na Wrocław. Kila siku tukifika pale kwenye kimya nakutana na uso wako, nawe hunitazami.

Sikuombi unirudie. Nataka tu ujue kwamba sikufanya vile kwa ajili ya santuri. Nilidhani nakuletea zawadi. Sasa naelewa kwamba sauti yake ilikuwa yako peke yako. Mimi sikuwa na haki hata ya kuisikia, achilia mbali kuipanga na kuipa watu. Ulipousikiliza mpaka mwisho, ukamsikia, na bado ukasema nifute, ndipo nilipojua nilikuumiza kiasi gani.

Tiketi yangu ya kurudi Durban ni ya tarehe mbili Desemba. Ukinikataza sitakuja.

Leszek


Morningside
14 Septemba 2025

Leszek,

Sauti ya nani?

Gloriose


Toruń
15 Septemba 2025

Gloriose,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na nimekaa sakafuni kuijibu.

Sauti ya Anicet.

Niliigundua mwezi Machi, siku chache kabla ya kusafiri. Nilikuwa natafuta piano niliyorekodi siku ile nikakuta kinasa kilikuwa kinaendelea. Nilitaka kukizima, naapa. Mkono ulikuwa umeshafika. Halafu nikasikia kitu chini ya sauti yako, chembamba, kikitoka kwenye simu juu ya piano. Huku Toruń Henryk alikaa nacho wiki nzima mpaka akakitenga, na uliponieleza wimbo unavyoimbwa ndipo nilipojua nilichokuwa nacho.

Uliimba ubeti wa Jules. Uliimba wako. Uliimba wa kwake, wa tatu, ukanyamaza. Ulingoja sana, Glo. Nilikusikia unavyongoja. Haikuja sauti, ukalia, ukaanza ubeti wa Doudou kwa nguvu kama mtu anayetaka kuvunja kitu. Na hapo katikati ya ubeti wa Doudou, sauti yako ikiwa juu kabisa hata usingeweza kusikia, aliitika. "Ndaje." Aliivuta. Pumzi haikumtosha, ikakatika, akaivuta tena akaimalizia. Alichelewa kama ulivyosema alikuwa anachelewa.

Wimbo wote niliutunga kwa ajili ya pale. Kila kitu kilichotangulia kilikuwa njia ya kufika pale, na ilipofika dakika ya kumi na tisa nilitoa vyombo vyote, nikaishusha sauti yako polepole ili abaki yeye peke yake. Nilitaka ufike mwenyewe ukamkute.

Nimetafuta. Baada ya barua yako nimempa fundi mmoja diski, ameniambia hakuna kitu, tumeshairekodia juu yake mambo mengine majira yote ya kiangazi. Nilipokuahidi nimefuta, nilifuta kweli.

Lakini ninaikumbuka, Glo. Nimeisikia mara nyingi kuliko nilivyolisikia jina langu. Najua alianzia noti gani, wapi sauti ilipasuka, muda gani alikaa bila pumzi. Ninaweza kukuimbia kama ilivyokuwa. Nitajirekodi leo hii nikutumie, au nije nikuimbie uso kwa uso kisha niondoke. Niambie tu ndiyo.

Leszek


Chatsworth, Durban
5 Oktoba 2025

Leszek,

Nimekaa wiki tatu bila kuweza kuandika. Nimehama ile nyumba, nimepanga chumba huku Chatsworth kwa dada mmoja wa kanisani. Piano yako nimeifunika shuka, ufunguo yuko nao Térence. Tumbili wagombanie wenyewe.

Nilikudanganya. Sikusikiliza mpaka mwisho. Nilisikia pumzi yangu, nikasikia nalia, nikazivua hedifoni nikazitupa. Uliponiuliza nilijibu kama nilivyozoea kukujibu. Sijawahi hata siku moja kusikiliza wimbo wako mpaka mwisho, Leszek. Nilikuwa nasinzia, au nazima nikaendelee na kazi, halafu wewe unaingia na uso ule, unauliza, nami nasema mpaka mwisho, mwisho mzuri. Uso wako ulikuwa unang'aa. Nani angeuzima? Nilidhani ni uongo wa mapenzi, usioua mtu.

Na wewe. Kwa nini hukusema? Sentensi moja tu! Glo, kaka yako aliitika. Kwetu mtu akiwa na habari njema anaipiga kelele tangu barabarani, haingii hata ndani. Wewe ulinitengenezea safari, unifikishe kwa kaka yangu dakika ya kumi na tisa, na ngoma, na gitaa. Miezi mitatu ulijua na mimi sijui. Kila asubuhi nilikuwa naamka nikiuwaza ule mto niliouimbia. Nakupenda bado, sifichi, na siwezi kukaa nawe chumba kimoja. Desemba usije.

Umeniuliza kama uniimbie. Nimewaza sana, na siku nyingine nilishaandika ndiyo nikaifuta. Usiniimbie. Usijirekodi, usitume. Sauti yake ninayo kidogo, ya mgombani, ya sikukuu, ndiyo hiyo iliyobaki. Ukiniimbia wewe, na wewe unaimba vizuri, kila nikitaka kumsikia nitakusikia wewe. Atapotea mara ya pili. Niachie hivyo hivyo nilivyoambiwa, kwamba aliitika na kwamba alichelewa. Ni yeye. Asingekuwa yeye angewahi.

Irakoze nimemwandikia. Amejibu kwamba aliisoma barua mbele ya watoto, na mkubwa akacheka, akasema baba hata siku ile alichelewa.

Leo baada ya ibada nilirudi hapa, mwenye nyumba hayupo. Nikatoka uwani, huku kwetu sasa nyumba zimebanana, hakuna bonde wala mlima, kuna ukuta wa jirani tu na nguo zake kwenye kamba. Nikauimba. Nikaimba wa Jules, nikaimba wangu, nikajiitikia mwenyewe. Nikaimba wa Anicet, nikangoja. Halafu nikaanza wa Doudou, lakini safari hii niliuimba taratibu, kwa sauti ndogo sana, ili akiitika nimsikie.

Nimeuimba mpaka mwisho. Hakuna aliyeitika.

Gloriose